Robo Kilo kwa Mti Mmoja

Dukani kwangu Newala, nyuma ya stendi,
mizani imekaa kaunta miaka kumi na minane.
Mkulima akija na haraka zake, nampimia salfa, namwambia:
robo kilo kwa mti mmoja, Mzee Chipwele, si zaidi.
Ukizidisha unaliunguza ua,
na ua likiungua, Oktoba utaokota majani.
Wananiita Mama Vipimo. Jina nililipenda.

Basi msikilizeni mwenye mizani.

Hedhi ilinikoma nikiwa na arobaini na tisa.
Julai, ukungu umeshuka mpaka vizingitini,
watu wamejikunja ndani ya makoti ya mitumba,
mimi nimefungua madirisha, kanga imelowa mgongoni,
moto unanipanda kifuani kuja masikioni
kama mtu kaniinjika jikoni, akaenda msibani.
Usiku shuka mbili, tatu, na zote za kufua,
katika mji ambao ndoo ya maji ina bei.

Nilichezwa unyago Kitangari.
Nilifundishwa damu inavyokuja:
kuipokea, kuificha, kuiheshimu.
Inavyoaga, hakuna somo aliyeniambia.

Daktari wa Mtwara akaniandikia jeli ya estrojeni:
bonyeza mara moja, paka pajani, kila asubuhi,
na kidonge cha usiku cha kuulinda mji wa uzazi.
Wiki ya tatu nililala kama gogo.
Nampota, mume wangu, akasema, "Umerudi."
Nami nikawaza: kama moja imenifikisha mlangoni,
mbili zitaniketisha sebuleni.
Mbili. Kisha tatu.
Pasaka ilinikuta kwenye nne.

Yakaanza matiti. Yakajaa, yakakaza,
sidiria naivaa kama naiomba radhi.
Pete ya ndoa ikagoma kutoka,
kwa sabuni, kwa mafuta ya ufuta.
Jioni miguu inavimba; ukibonyeza kidole, shimo linabaki.
Kichwa kinatwanga upande mmoja tu.
Harufu ya salfa, iliyonisomeshea watoto wanne,
ikawa inanipeleka nyuma ya duka kutapika.
Na siku moja nililia kwa sababu ya kuku.
Kuku wa jirani. Alikuwa amevuka barabara salama.

Kisha damu.
Miaka mitatu baada ya kuaga, bila hodi,
nimekaa juu ya gunia, nahesabu chenji.
Nilikwenda kununua pedi kwa kijana aniitaye bibi.
"Za mjukuu?" akauliza.
"Za mjukuu," nikasema.

Sista Notburga aliichukua chupa, akaitikisa sikioni.
"Unabonyeza mara ngapi?"
"Moja."
"Chupa ya miezi miwili imeisha kwa siku kumi na tano, mama.
Mara ngapi?"
Ukimya ule naujua.
Ni wa mkulima mwenye maua meusi
anayeapa kwamba alifuata maelezo.
Na kile kidonge cha usiku?
Nacho nilikuwa nakisahau, maana hakikunipa raha.

Mganga hajigangi, wahenga walinisema.
Kwenye picha, ukuta wa mji wa uzazi umenenepa.
Wamekata kipande, wamekipeleka kupimwa.
Leo siku ya tisa. Simu naiweka karibu na mizani.

Asubuhi nilibonyeza moja.
Mkono ukabaki juu ya chupa, ukiomba.
Nikauosha.
Saa nne joto likaja, mbele ya wateja,
nikajipepea kwa daftari la madeni.
Mzee Chipwele akainama kaunta, sauti ya siri:
"Niongezee kidogo, mama. Mti wenyewe mkubwa."

Siku nyingine ningemkaripia.
Nilipima robo, nikakung'uta kijiko.
"Najua," nikamwambia. "Hata mimi niliona hivyo."